Kayaba Aliyoiacha Baba

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwagilia waridi. Nimefagia ngazi za mawe mpaka chini ziwani. Nimezoa kinyesi cha kiboko kwenye nyasi. Alikuja tena alfajiri, akala karibu na ile saa ya jua inayosomwa kwa kivuli, akaacha nyayo kubwa kama sufuria. Hiyo ndiyo likizo yangu. Shule imefungwa Ijumaa tu na tayari nimechoka kuliko wakati wa mitihani.

Watu wanakuja hapa Bungalo kupiga picha za harusi. Wanasema pametulia. Nyumba ilijengwa na Mzungu wa miwa enzi za ukoloni. Alipanda mijakaranda kwa mstari, akachimba kidimbwi cha samaki ambao hawapo tena. Wageni wanaona historia. Mimi naona majani ya kuokota.

Madam Wangui ameulizia kayaba tena. Ndiye meneja, ametoka Nyeri, alikuja mwezi wa nne. Ua wa kayaba unaanzia getini. Hadi kwenye tangi la maji umenyooka vizuri. Kutoka tangini hadi kwenye kona ni msitu, miiba inakwaruza magari. Mama ndiye mtunza bustani sasa na yeye hukata mpaka tangini, kisha anaweka mkasi chini. Madam akiuliza, Mama anasema kile kipande kina mwenyewe. Madam anadhani kuna mfanyakazi yuko likizo.

Mwenyewe ni Baba. Alikata mpaka tangini siku ya Ijumaa, akasema atamaliza Jumatatu. Jumamosi akaenda Port Victoria, akapanda boti kwenda visiwani kumzika rafiki yake. Boti ikapinduka. Wengine walipatikana, wazima na maiti. Yeye hapana. Imepita miaka miwili.

Sitaki kuandika zaidi leo. Mgongo unauma.

Jumatano, 6 Agosti

Kutakuwa na harusi kubwa tarehe ishirini na tatu. Madam anakimbia huku na huko na simu sikioni.

Kando ya kiwanja cha zamani cha tenisi, ambapo siku hizi magari huegeshwa, kuna mti wa yago. Mwalimu wa Kiswahili alituambia jina lake ni mwegea. Hapa hakuna mtu anasema mwegea. Matunda yake ni marefu, ya kijivu, yananing'inia kama soseji za jitu. Jana moja lilianguka juu ya gari la mgeni, paa likabonyea. Mgeni alipiga kelele mpaka korongo wakaruka kutoka kidimbwini.

Leo Madam amenionyesha yaliyoanguka. Mazito, mengine yameanza kunuka. Akasema yasiende kwenye pipa, nichimbe shimo niyazike tu yaoze. Nikasema sawa. Hilo ndilo neno langu na Madam. Sawa. Nikiwa mbele yake ulimi wangu unakuwa kipande cha ubao.

Nilichimba karibu na ukuta wa ziwani kwa sababu udongo ni laini. Chini kuna mawe, kwa hiyo sikuweza kwenda chini sana, nikachimba kwa urefu. Nikayalaza kichwa kwa mkia. Nikafukia, nikapigapiga na jembe, nikamwaga maji udongo ushikamane. Nikapanga mawe pembeni ili mtu asijikwae. Kazi safi. Nilijipenda kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti

Jambo baya.

Mama alipita pale na wilbaro ya mbolea. Nilikuwa nyuma yake. Alisimama ghafla, wilbaro ikapinduka, mbolea yote chini. Akaniuliza kwa Dholuo, polepole, nani amezikwa hapa. Nikamwambia hakuna mtu, ni matunda ya yago, Madam amesema.

Mama alikaa chini kwenye nyasi. Kisha akaanza kufukua kwa mikono. Nilimletea jembe, akalisukuma. Alitoa yote, moja moja, akayafuta udongo kwa leso yake kama mtu anayefuta mtoto. Kucha zake zilitoka damu. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Hajala jioni.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilimwuliza Oti. Oti ni kibarua wetu, jana na juzi hakuwepo, alikuwa kliniki na mtoto wake. Anapenda kunitania, ananiita Redio kwa sababu siongei. Nilipomweleza alianza kucheka. Kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Redio, wewe umelelewa na maua kweli," akasema. "Yago haizikwi hivi hivi. Yago ni mtu."

Akanieleza. Mtu akipotea, labda ziwani, na mwili usipatikane, watu wake wanazika tunda la yago mahali pake. Kaburi la kweli, kilio cha kweli, kila kitu. Baada ya hapo mtu huyo amezikwa, basi. Watu wanaacha kumngoja.

Mimi nimezaliwa hapa kwenye kota za wafanyakazi. Dala, nyumbani kwetu karibu na Awasi, naenda Krismasi tu, na nikifika nakaa jikoni na binamu. Hakuna aliyewahi kuniambia. Au waliambiana mbele yangu nikadhani ni maneno ya wazee.

Kwa hiyo nilichimba kaburi la Baba. Kwenye shamba la watu. Na nikalimwagia maji lipendeze.

Nataka kuandika jambo lingine na sitaki. Oti alipokuwa akieleza, nilijisikia vibaya, ndiyo. Lakini chini ya ule ubaya kulikuwa na kitu chepesi. Kwamba kumbe kuna njia ya kumaliza.

Jumapili, 10 Agosti

Baba mdogo amekuja kutoka Awasi, na mkate na sukari. Ni Mama aliyempigia simu. Sikutarajia.

Alisema nilichofanya si mazishi. Mtoto hawezi kumzika mtu bila kujua, na matunda ya kuokota chini si ya kazi hiyo. Lakini jambo limeshaguswa, na haifai kuliacha likining'inia. Akasema ukoo umengoja vya kutosha. Tuchukue yago moja, twende dala, tumzike ndugu yake kama mtu. Kumbe hii si mara ya kwanza kumwomba Mama. Mara zote huwa natumwa dukani.

Leo hakuna aliyenituma. Nilikaa pale nikichambua sukuma wiki.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nikizika tunda na mwenyewe arudi, nitamwambia nini?"

Baba mdogo akasema, "Akirudi, shemeji, tutalifukua tulicheke pamoja naye. Mimi ndiye nitacheka wa kwanza."

Mama hakucheka. Akaweka maji ya chai. Wakanywa, kisha Baba mdogo akaondoka. Nilimsindikiza mpaka getini. Aliangalia kayaba ile iliyokatwa, akaangalia msitu baada ya tangi, akatikisa kichwa.

"Nyar owadwa," akaniambia, yaani binti wa ndugu yetu, "wewe ndiye uko naye hapa. Mimi nikisema, nasema kutoka mbali."

Nikasema sawa. Hata kwake.

Jumanne, 12 Agosti

Yago itakatwa. Madam ametuita sote watatu, mimi, Mama na Oti, akatangaza. Mwenye Bungalo amekubali, magari ya harusi hayawezi kukaa chini ya mti huo. Mtu wa msumeno wa petroli atakuja Alhamisi ya wiki ijayo.

Oti akauliza kama kuni tutapewa. Mama akasema, "Sawa, Madam." Niliona nimelitoa wapi lile neno langu.

Meneja aliyetangulia pia alitaka kuukata. Baba alikataa. Sijui alisema nini, alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mti ulibaki. Alipenda kufagia maua yake. Yanafunguka usiku, popo wanayajia, na asubuhi yako chini, mekundu ya giza, mazito kama nyama. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nayavaa kama kofia. Baba alikuwa ananisalimia kwa heshima, ananiita Askofu.

Sasa siwezi kuikumbuka sauti yake vizuri. Naikumbuka ile ya kwenye simu tu, video moja ambayo anamwambia Oti asonge pembeni.

Alhamisi, 14 Agosti

Sami wamekuja kutoka ziwani, wadudu wale wadogo, wingu zima. Wako kwenye chai, kwenye nywele, kwenye waridi. Nimefagia marundo ya wadudu waliokufa. Mama amefagia. Oti amefagia. Wamerudi.

Nimechoka sana.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilienda ofisini kumwambia Madam. Kwamba ule mti si mti tu. Nilikuwa nimepanga sentensi kwa Kiingereza, nikaipanga tena kwa Kiswahili, zote mbili zilikuwa nzuri njiani.

Nikasimama mlangoni. Akainua kichwa. Nikamwuliza maua ya mezani yawe ya rangi gani.

Meupe, akasema. Nikatoka.

Mimi ni mwoga. Sina neno lingine.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani mhubiri alisema tumngoje Bwana bila kuchoka. Mama aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Mimi nilikasirika, sijui na nani.

Tuliporudi alikuwa anamenya maharagwe mabichi mlangoni. Geti lililia, akainua kichwa. Lilikuwa gari la mkate. Akarudisha kichwa chini. Nimeona hivyo mara nyingi lakini leo nilihesabu moyoni kama mtu anayehesabu makonde. Geti, kichwa. Geti, kichwa.

Nikasema. Sikupanga kwa lugha yoyote.

"Mama, mimi nataka Baba azikwe."

Maharagwe yaliendelea kuanguka kwenye sufuria. Nilidhani hajasikia. Nilitamani awe hajasikia.

"Unadhani mimi sijachoka?" akasema.

Ni hayo tu. Hakuniangalia. Nilikaa chini, nikachukua maganda, tukamenya mpaka yakaisha. Mtoto gani anamwambia mama yake maneno kama yale? Lakini ni kweli. Nataka azikwe. Nataka Mama asinywe chai ameelekea geti. Nikiulizwa shuleni baba yako yuko wapi, nataka kuwa na jibu moja.

Jumanne, 19 Agosti

Leo nimeongea na Madam. Dakika chache, lakini nimeloa jasho kama nimelima.

Alikuwa kwenye ngazi za mawe anapima mahali pa zulia. Hapakuwa na mlango wa kusimamia, labda hiyo ilisaidia. Nikamwambia naomba kabla ya msumeno mtu apande akate tunda moja, alishushe kwa kamba, lisianguke. Akauliza la nini. Nikamwambia. Boti, miaka miwili, tunda, Awasi. Nilichanganya Kiingereza na Kiswahili na mahali fulani nikaingiza Dholuo, akaniacha nimalize.

Akaangalia upande wa tangi.

"Yule mwenyewe wa kayaba," akasema. "Ndiye huyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akasema yeye amekuwa akimwandikia Mama ujumbe kila wiki, lini mwenyewe atarudi kazini. Akafunga macho kidogo. Kisha akasema mti utakatwa tu, uamuzi si wake na hata ungekuwa wake angeukata, asidanganye. Lakini tunda tuchukue. Na Mama apewe siku anazohitaji, harusi atatafuta watu wengine.

Nilimpigia Baba mdogo. Akasema watu wa dala wakubaliane leo leo, kaburi lichimbwe, Jumamosi inawezekana. Akauliza, na mama yako? Nikasema sijui. Ndiyo ukweli. Nimeomba tunda na sijui kama Mama atakuja kulichukua.

Nilimweleza usiku tukila. Akasema nipitishe chumvi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Mtu wa msumeno alifika mapema akaambiwa angoje. Baba mdogo alikuwa tayari amefika, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Mama alikuwa kwenye waridi, upande ule mwingine wa nyumba. Nilimwona anakata matawi yaliyokauka. Alikata hata mabichi. Sikumwita.

Oti alipanda na panga na kamba. Akakaa kwenye tawi kama mfalme.

"Haya, wakubwa, chagueni. Hii? Ama hii imenona?"

Baba mdogo akasema ile hapana, imepinda, ndugu yangu hakuwa amepinda. Oti akasema alikuwa amepinda kidogo siku za mshahara. Baba mdogo akacheka, akajifuta macho, akacheka tena. Akaonyesha moja upande wa kiwanja, nene, ya wastani. Oti akaanza kuifunga kamba.

"Si hiyo."

Ilikuwa sauti ya Mama. Alikuwa amesimama nyuma yetu, bado na mkasi wa waridi mkononi. Alionyesha juu zaidi, karibu na shina.

"Ile ndefu. Alikuwa mrefu."

Oti akahamia kule juu, akafunga, akakata kikonyo. Tunda lilianza kushuka polepole, linazunguka kwenye kamba. Baba mdogo alinyoosha mikono. Mama akaniwekea mkasi mkononi, akafungua leso kiunoni, akaitandaza juu ya mikono yake miwili, akapita mbele ya Baba mdogo.

Likamshukia mikononi. Magoti yake yalikunjika kidogo. Nilisonga kumsaidia, akatikisa kichwa.

"Min Awuor," Baba mdogo akamwita kwa jina langu, Mama Awuor, kwa upole.

"Ni mzito," Mama akasema. Akafunika tunda na ncha za leso. Kisha akalia. Miaka miwili sijamwona analia. Alilia amesimama, amelishika, na sisi tumemzunguka hatujui mikono yetu tuiweke wapi.

Msumeno ulinguruma mchana wote. Sikuangalia. Sasa kuna anga kubwa mahali pale, na jua linafika mpaka kwenye mlango wetu.

Jumamosi, 23 Agosti

Dala. Naandika nimekaa jikoni kwa Dani, nyanya yangu, moshi unaniumiza macho.

Tumemzika Baba.

Tunda lilivikwa shati lake la kanisani, likafungwa blanketi, likalazwa ndani ya jeneza. Nilidhani nitaona aibu. Nilidhani nitafikiria soseji ya jitu na kucheka. Sikufikiria. Dani alilia akimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo sikulijua. Mhubiri aliomba kwa ufupi, huyu anajua watu wamechoka. Watu wa boti ile wawili walikuja, waliokolewa siku ile. Walisimama nyuma na hawakula.

Nilipewa udongo nikautupa. Ulilia juu ya mbao. Sikusikia chochote moyoni. Baadaye nilisikia njaa, njaa ya ajabu, nikala ugali na nyama mara mbili, nikaona aibu, nikaongeza.

Wanawake sasa wanamwita Mama mjane. Nilimtazama usoni mara ya kwanza alipoitwa hivyo. Alikuwa kama mtu aliyetua gunia na bado mabega hayajajua.

Huko Bungalo harusi inaendelea. Magari yamejaa pale palipokuwa na mti.

Jumanne, 26 Agosti

Nimerudi peke yangu kwa sababu shule imefunguliwa. Mama amebaki dala siku za desturi. Mke wa Oti ananiletea chakula. Nyumba ni kimya lakini si kimya kile cha kungoja.

Msichana mmoja darasani aliniuliza kwa nini sikuonekana jana. Nikamwambia tulikuwa na mazishi ya baba yangu. Akasema pole. Nikasema asante. Ikaisha hapo. Sikujua inaweza kuwa fupi hivyo.

Jumamosi, 30 Agosti

Mama alirudi jana jioni. Amenyolewa. Kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyodhani. Tulilala mapema.

Leo asubuhi nilimwagilia waridi, nikafagia ngazi. Kisiki cha yago kinatoa maji ya kahawia, nyuki wamejaa juu yake. Nilipomaliza sikumwona Mama kwenye vitalu. Nikamtafuta kidimbwini, nikamtafuta stoo. Mkasi mkubwa haukuwepo ukutani.

Alikuwa tangini. Amevaa glavu za Baba. Alianzia pale pale ilipoishia kazi ya Baba, tawi la kwanza, la pili. Matawi mengine yalikuwa mazito kama mkono wangu, ikabidi Oti alete panga. Mimi nilifuata na wilbaro nikiokota. Madam alipita, akasimama, akaendelea na njia yake. Geti lililia mara kadhaa. Mama alikuwa ameligeuzia mgongo.

Jioni tulikuwa bado na kipande kifupi kabla ya kona. Oti alishaenda kwake. Mama alinyoosha mgongo, akasema iliyobaki tutamaliza Jumatatu.

Baba pia alisema Jumatatu.

Kisha akachukua mkasi tena. Tuliendelea mpaka konani, yeye anakata, mimi naokota, hata tulipokuwa hatuoni miiba vizuri.

Nimeoga. Mama ameshalala. Vidole vinaniwaka.